Magurudumu ya Kusini: Toroli, Malori na Mabehewa ya Kilwa na Lindi

Tarehe 11 Julai 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiendelea, ndani ya delta ya Rufiji, kaskazini ya Kilwa, manowari ya Kijerumani Königsberg ilipigwa hadi ikashindwa kujibu. Nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe pale pale mtoni. Maji hayakuwa ya kina. Baadaye mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa, ikavutwa nchi kavu kwa kamba na nguvu za mamia ya watu kuelekea Dar es Salaam. Ilikuwa mizinga ya kukaa juu ya sitaha, imekazwa kwa bolti; haikuwa na gurudumu hata moja. Mafundi wa karakana ya reli ya Dar es Salaam ndio walioiundia vibebeo vya magurudumu, bila kiwanda cha kuwatumia vipuri, kwa kuwa bahari ilikuwa imefungwa na meli za Waingereza.

Kwa mtu anayeunda modeli za malori ya jeshi na mabehewa ya zamani, hapo ndipo historia ya kusini inapoanza kumgusa. Wapo waundaji wanaonunua seti dukani, sehemu zote zimekwisha kutengenezwa, kazi ni kugundi na kupaka rangi. Wapo pia wanaoanza na meza tupu: wanapima, wanachora, wanakata bati la kopo la maziwa, wanakunja waya, wanachonga mbao, wanapiga msasa. Mafundi wale wa 1915 walikuwa wa kundi hili la pili, ila wao waliifanya kazi hiyo kwa ukubwa kamili, vita vikiwa mlangoni. Na si wao peke yao. Ukivifuata vyombo vya magurudumu vilivyopita Kilwa, Lindi na bara lake kwa muda wa nusu karne, utaona kwamba vingi vilifika huku vikiwa vimegeuzwa au viligeuzwa baada ya kufika, vikafanya kazi ambayo kiwanda chake hakikuikusudia. Kwa hiyo anayetaka kuiunda kusini kwa skeli ndogo hawezi kutegemea boksi la dukani. Itambidi aijue habari yenyewe.

Mzinga mmoja wa Königsberg upo Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa adui wake, manowari ya Kiingereza Pegasus, ambayo Königsberg yenyewe iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Yeyote mwenye utepe wa kupimia anaweza kwenda kuutazama. Mtutu wa aina ile una urefu wa mara 40 ya kipenyo cha tundu lake, yaani mita 4.2, na uzito wake unazidi tani moja. Kwa skeli ya 1:35, ambayo kampuni ya Tamiya ya Japani iliieneza duniani tangu miaka ya 1960, mtutu huo unakuwa sentimita 12. Kuuchonga ni kazi nyepesi. Kazi iko kwenye kibebeo: uzito wote ule juu ya ekseli moja, mkia wa kukita ardhini, na magurudumu yaliyopaswa kuvumilia njia ambazo hazikuwa barabara. Mzinga mmoja wa namna hii ulikokotwa mpaka milima ya Matumbi, ukaipiga Kibata mwishoni mwa 1916. Anayeijua njia ya Kibata, pale inapopanda na kushuka kama mgongo wa samaki, ataelewa kwa nini muundaji asithubutu kuuweka mzinga ule mezani bila watu wa kuuvuta.

Tabu ya magurudumu kusini ina sababu ya zamani kuliko vita. Misafara iliyotoka Ziwa Nyasa na pembe za ndovu na watumwa hadi Kilwa Kivinje ilikwenda kwa miguu, mizigo kichwani na mabegani. Si kwamba gurudumu halikujulikana. Mbung'o ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho: ng'ombe, farasi na punda waliopelekwa bara walikufa, na gari lisilo na mnyama wa kulivuta ni mbao tu. Hata Wajerumani, pamoja na mashine zao, walirudi kwenye kichwa cha mtu. Kati ya 1909 na 1913 watafiti kutoka Berlin, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba mifupa ya dinosaria kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilisafirishwa hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Mifupa hiyo ndiyo iliyosimamishwa Berlin ikawa mojawapo ya mifupa mirefu kuliko yote inayoonyeshwa katika makumbusho duniani.

Machi 1916, vita vikiwa vimepamba moto, meli ya Kijerumani Marie ilipenya ulinzi wa Waingereza ikatia nanga ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi. Ilileta silaha na risasi, ikiwemo mizinga minne ya aina ya howitzer ya sentimita 10.5. Sehemu kubwa ya shehena ilikuwa imefungwa tangu Ulaya kwa kadiri ya mzigo wa mtu mmoja. Waliopakia walikwisha kuijua nchi wanayoipelekea.

Waingereza walikuja na injini. Septemba 1916 waliitwaa Kilwa Kivinje, na katikati ya mwezi huo Lindi. Bandari ya Kilwa Kisiwani, yenye maji ya kina na kinga ya upepo, ikawa mlango wa jeshi kubwa lililoingia bara kuelekea Matumbi, kisha Narungombe, palipopiganwa tarehe 19 Julai 1917. Kupitia mlango huo likaingia gari ambalo kila muundaji wa modeli za vita hivyo analifahamu: Ford Model T.

Inafaa kusimama kidogo hapa. Ford ile ilikuwa na injini ya silinda nne yenye nguvu za farasi 20, gia mbili za kwenda mbele, na rejeta isiyo na pampu ya maji. Maji yalizunguka yenyewe kwa kupata moto na kupoa. Petroli nayo haikuwa na pampu, ilitiririka kutoka tangini kwa uzito wake. Mlima ukiwa mkali na tangi likiwa limepungua, petroli haikuifikia injini, na dereva alilazimika kugeuza gari apande kinyumenyume. Ilikuwa nyepesi, kiasi kwamba ikizama topeni kikundi cha watu waliweza kuinyanyua. Tumbo lake lilikuwa juu ya ardhi kwa sentimita 25 hivi. Mizigo ya wapagazi kumi na zaidi iliingia ndani yake. Kwa hesabu za jeshi linalokula kila siku, hiyo ilikuwa neema, kwa sababu mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 naye anakula, na safari ikirefuka anakula sehemu kubwa ya alichobeba.

Kwa 1:35, umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, sentimita 254 katika gari halisi, unakuwa milimita 73 kasoro kidogo. Upana kati ya magurudumu, sentimita 142, unakuwa milimita 41 hivi. Gurudumu lenyewe lina kipenyo cha milimita 22 na spoki 12 za mbao, na spoki hizo ndizo zinazomtofautisha muundaji mvumilivu na mwenye haraka. Njiti za kuchokolea meno zilizopunguzwa kwa msasa zinatosha. Kitovu ni kipande cha kalamu iliyokwisha wino. Seti za Ford za vita vile zinauzwa siku hizi na kampuni ya ICM ya Ukraine, lakini zinakuja na sura ya Ulaya. Ford ya Kilwa inahitaji turubai la nguo halisi, madebe ya petroli yamefungwa pembeni, mbao za kutandika chini ya magurudumu, na tope mpaka kwenye ekseli. Mvua za mwanzo wa 1917 zilikuwa kubwa kupita kawaida. Barabara zilizokuwa zimekatwa kwa jembe na panga ziligeuka vijito, na mzigo ukarudi kichwani.

Lindi ilikuwa na kitu kingine, nacho ndicho ninachokipenda kuliko vyote: toroli. Kutoka Mingoyo, pale maji ya bahari yanapoingia ndani kwa mkondo wa Lukuledi, reli nyembamba ya toroli ilielekea bara kwenye mashamba ya walowezi wa Kijerumani. Majeshi ya Jenerali O'Grady yaliposukuma kutoka Lindi katikati ya 1917, yakikabiliana na Kurt Wahle aliyeilinda sehemu hiyo kwa niaba ya kamanda mkuu wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, reli hiyo ilikuwa njia, alama ya ramani, na sababu ya kupigana. Mapigano ya Tandamuti ya mwezi Agosti yalipita juu yake. Kisha Oktoba, tarehe 15 hadi 18, yakaja ya Mahiwa na Nyangao, ambako Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000 waliouawa na kujeruhiwa, na Wajerumani zaidi ya 500 ambao hawakuwa na wa kuwaziba. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mizinga ya Königsberg ilikuwa imekwisha, iliyobaki ikiwa imevunjwa na wenyewe.

Reli za toroli za namna hii zilikuwa za upana wa milimita 600. Kampuni kama Orenstein & Koppel ya Berlin na Decauville ya Ufaransa ziliziuza zikiwa vipande vilivyokwisha kufungwa na mataruma ya chuma, kila kimoja mita 5, ili watu wachache waweze kukinyanyua, kukilaza chini na kukiunga na kilichotangulia. Hazikuhitaji mhandisi wa daraja la juu wala kokoto nyingi. Shamba likihama, reli ilihama nalo. Baada ya vita zilitapakaa kwenye mashamba ya mkonge, na pwani ya Lindi ilikuwa na mashamba yake, Kikwetu likiwa mojawapo.

Kwa muundaji hapa kuna bahati njema: milimita 600 ukizigawa kwa 35 unapata 17 na ushee, na reli za modeli za milimita 16.5 ni za kawaida sokoni tangu zamani. Tofauti ya nusu milimita jicho haliioni. Kipande kimoja cha mita 5 kinakuwa sentimita 14. Chuma chenyewe, ambacho katika uhalisi kina kimo cha sentimita 6 au 7, kinabaki milimita 2, kwa hiyo reli ya dukani iliyo nene itaharibu sura yote. Heri kuunda mwenyewe kwa waya wa shaba uliopigwa ukawa bapa. Mataruma ni vipande vya bati vilivyokunjwa kingo. Toroli ni fremu fupi, magurudumu manne, sakafu ya mbao, na breki ya mti ambayo msukumaji huikandamiza kwa mguu mteremkoni. Ni chombo kidogo kuliko vyote katika historia hii, na naona kinasema mengi kuliko lori, kwa sababu kila sehemu yake inaonyesha mahali ambapo mkono wa mtu ulishika.

Nasema hili kwa uzito. Modeli nyingi za Vita Kuu zinaonyesha chombo kikiwa kisafi na peke yake, au na ofisa mmoja amesimama pembeni na fimbo. Kwa Afrika Mashariki picha hiyo si kweli. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita vyote, wengi wao chini ya ofisi iliyoongozwa na Oscar Watkins, na waliokufa kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu wanakaribia 100,000. Wajerumani nao walichukua watu vijijini bila hesabu ya kuaminika. Wamatumbi na majirani zao waliokamatwa kubeba mizigo kwenda Kibata mwaka 1916 walikuwa watu ambao miaka 11 tu nyuma walikuwa ndani ya vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Vita hiyo ilianzia kwao, mganga wake Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Agosti 1905, na njaa iliyofuata waliikumbuka vizuri. Mtu wa mita 1.68 anakuwa milimita 48 kwa 1:35. Kuchonga watu 30 wa kimo hicho, kila mmoja na mzigo na mwendo wake, ni kazi ndefu kuliko Ford tatu. Hata hivyo ndiyo inayoupa mzinga, gari na toroli sababu ya kuwa hapo, na anayeiruka ameunda nusu ya jambo.

Miaka 30 baadaye magurudumu yalirudi kwa wingi ambao kusini ilikuwa haijauona. Uingereza ilitoka Vita ya Pili ikiwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel wa United Africa Company akapendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe wa Wakefield ukaja mwaka 1946 ukatoa hesabu: mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, 55 kati yake yakiwa Jimbo la Kusini, na gharama ya karibu pauni milioni 25. Waziri wa chakula, John Strachey, akalibeba jambo hilo kwa moyo wote. Kituo cha kusini kikawa Nachingwea.

Viwanda vya dunia havikuwa na matrekta ya kuuza, kwa hiyo mpango mzima uliundwa kwa masalia ya vita. Matingatinga na matrekta yalinunuliwa kutoka maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, mengi yakiwa yameshakula kutu. Malori yalikuwa ya jeshi. Kisha likaja tukio ambalo kila muundaji wa modeli anapaswa kulijua: Vickers-Armstrongs ya Uingereza ilichukua vifaru vya Sherman, ikaondoa mnara wa mzinga na silaha za kivita, ikavifanya matrekta ya kung'olea misitu, yakaitwa Shervick. Ni kazi ile ile ya karakana ya Dar es Salaam mwaka 1915, safari hii ikienda kinyume: kule silaha ya baharini ilipewa magurudumu ya nchi kavu, huku silaha ya nchi kavu ilipewa jembe. Anayetaka Shervick mezani anaweza kuanza na seti ya Sherman, ambazo ni nyingi, kisha akatupa zaidi ya nusu ya sehemu na kujenga upya kwa bamba jembamba la plastiki. Vyombo vyenyewe havikufanya kazi kama ilivyotarajiwa. Mizizi ya msituni ilivishinda.

Malori ndiyo yaliyobaki kwenye kumbukumbu za watu. Kati ya malori ya jeshi yaliyotapakaa duniani baada ya 1945, Bedford QL ya Uingereza, tani 3, inayovuta kwa magurudumu yote manne, na GMC ya Marekani ya tani 2 na nusu yenye ekseli tatu, ndiyo yanayoundwa zaidi na wenye ufundi huu. GMC zilitoka viwandani zaidi ya 500,000. Ukitaka kuliweka lori la namna hiyo Nachingwea, usilipake vumbi la kahawia la jangwani linalopakwa kila modeli. Udongo wa Nachingwea ni mwekundu. Chukua udongo wenyewe, uanike, uuchekeche kwa kitambaa cha chandarua, uupake kwa brashi kavu juu ya rangi ambayo haijakauka sawasawa.

Reli ilijengwa kuihudumia Nachingwea, ya upana wa mita moja kama reli nyingine za Tanganyika. Mwanzoni ilitoka Mkwaya, kwenye mkondo wa Lindi, na mwaka 1949 treni zikaanza kwenda Nachingwea. Lakini Lindi haikuwa na kina cha meli kubwa. Ndiyo ikachaguliwa Mtwara, bandari ikajengwa upya kabisa, ikafunguliwa 1954. Kufikia hapo karanga zilikuwa zimekwisha. Serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango Januari 1951, pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Reli ikabaki bila mzigo ulioizaa, ikibeba mazao ya wakulima, korosho zikiwemo, ikasogezwa hadi karibu na Masasi mwaka 1958, na mwaka 1962 ikafungwa. Baadaye chuma kiling'olewa.

Kwa modeli, reli ya mita moja ina skeli yake inayofahamika, 1:22.5, inayotumia reli ya milimita 45. Ni kubwa, na behewa moja la mizigo linachukua nafasi kubwa mezani, lakini ukubwa huo unaruhusu riveti zionekane. Mabehewa ya kusini yenyewe hayapo tena pale yalipokuwa. Ya jamii yake yapo kwenye makumbusho ya reli Nairobi, yaliyoanzishwa 1971, na yapo mengine yanayozeeka kwenye stesheni za Reli ya Kati. Pima urefu wa fremu, umbali kati ya ekseli, kimo cha mlango, upana wa ubao mmoja mmoja. Piga picha chini ya behewa kwanza, kwa kuwa huko ndiko mafundi wengi wa modeli hubahatisha: mitungi ya breki, vyuma vya kukazia, springi zilizopangwa tabaka kwa tabaka.

Nachingwea ilipata malori mengine katika miaka ya 1960, FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilipoweka hapo kambi yake kubwa ya mafunzo. Na barabara ya pwani iliendelea kula magari hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 juu ya Rufiji na kuondoa kungoja kivuko cha Ndundu. Katika miaka hiyo yote watoto wa pwani hii walikuwa wakiunda kila kilichopita mbele yao. Waya, makopo, vifuniko vya soda, malapa yaliyokatika yakikatwa kuwa matairi, fito ndefu ya usukani inayomfikia anayesukuma kwa kutembea. Kigari cha waya kina usukani unaogeuza magurudumu ya mbele kwelikweli, jambo ambalo seti nyingi za bei kubwa hazina. Mabingwa wa skeli huwa hawakihesabu. Mimi nakihesabu, kwa sababu mtoto aliyekaa barabarani Nangurukuru akatazama basi likipita, kisha akalirudia kwa waya bila picha na bila kipimo, ameshika uwiano wa bodi na madirisha kwa jicho tu. Mpe rula na skeli ya 1:35, naye atakuwa fundi.

Reli inazungumzwa tena kusini. Mpango ni njia ya Mtwara hadi Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga kwa ajili ya makaa ya mawe na chuma, ya upana wa kisasa wa milimita 1,435. Kwa 1:35 ni milimita 41. Safari hii, vyombo vitakaposhushwa bandarini vikiwa vipya, apatikane mtu wa Lindi au Mtwara mwenye utepe, daftari na kibali cha kuingia uwanjani, avipime vyote kabla ya kazi kuanza, na tena mwaka mmoja baadaye, mafundi wa huku watakapokuwa wamekwisha kuvibadili.